Kuzalisha lakasi kwa uyoga wa mamama: kivune kimeng'enya kabla uyoga haujachipua

Lignini ndiyo inayougandisha mti ukasimama wima, na ni viumbe vichache vinavyoweza kuivunja, hasa fangasi wa uozo mweupe, ambao uyoga wa mamama ni mmojawapo. Kati ya vimeng'enya vyake, lakasi ndicho ninachomshauri anayeanza, kwa kuwa hufanya kazi kwa oksijeni ya hewani, ilhali peroksidesi, vimeng'enya vyake vingine, huhitaji haidrojeni peroksaidi.

Weka gramu 20 za pumba kavu za ngano katika chupa ya mililita 250, kisha umimine mililita 40 za maji yenye mrututu (salfeti ya shaba) kwa kipimo cha gramu 0.25 kwa lita. Lakasi hubeba atomi nne za shaba, na shaba hiyo humchochea fangasi aizalishe kwa wingi. Hata hivyo usizidishe, maana shaba nyingi huzuia utando wa nyuzi za fangasi kukua. Ukizikamua pumba kiganjani, yatoke matone mawili matatu tu, yasichirizike. Ziba chupa kwa pamba, ichemshe kwa mvuke wa presha wa nyuzi 121 kwa dakika 30, iache ipoe kabisa, ndipo utie gramu 2 za mbegu safi za uyoga na kuiweka gizani kwenye nyuzi 25 hadi 28.

Kosa linalowagharimu wengi ni kusubiri vichwa vya uyoga. Lakasi huongezeka wakati utando mweupe unapoenea ndani ya pumba, na kwa kawaida hushuka uyoga unapoanza kuchipua. Kwa hiyo, kuanzia siku ya 7, chukua sampuli kila baada ya siku mbili, uipime lakasi kama ilivyoelezwa hapa chini, na uvune kipimo kinapoacha kupanda.

Ili kuvuna, mimina mililita 100 za bafa ya asetati ya pH 5 (mmumunyo unaozuia pH isibadilike), tikisa kwa saa moja mahali penye baridi, kamua kwa kitambaa safi, kisha zungusha kwenye sentrifyuji. Maji ya kahawia hafifu yanayobaki juu ndiyo kimeng'enya ghafi. Yahifadhi kwenye nyuzi 4.

Tia tone la guaiakoli, kemikali ya kujaribia, kwenye kimeng'enya kidogo: likigeuka kahawia-nyekundu, umepata dalili njema. Chemsha sehemu ya maji hayo kwa dakika 10 na urudie jaribio: hiyo isigeuke, la sivyo rangi haikuletwa na kimeng'enya. Kwa kipimo cha namba, tumia ABTS, kemikali ambayo lakasi huigeuza kijani, na usome kwa spektrofotomita (kifaa cha kupima ukolezi wa rangi) kwenye nanomita 420. Mililita 0.1 ya kimeng'enya katika mchanganyiko wa mililita 1, ikipandisha usomaji kwa 0.36 kila dakika, ina uniti 0.01 (uniti moja hubadili mikromoli moja ya ABTS kwa dakika), yaani uniti 0.1 kwa mililita.

Viwandani, lakasi hufifisha nili ya suruali za jinzi mahali pa klorini, na husaidia kung'arisha juisi ya matunda. Ukitaka kuijaribu kwenye maji machafu ya rangi za vitambaa, yashushe kwanza hadi pH 5, na kando yake uweke chupa nyingine ya kulinganishia yenye kimeng'enya kilichochemshwa. Maji yakiwa meupe, usiyamwage mtoni kwa hilo pekee: mabaki ya rangi iliyovunjika yanaweza kuwa na sumu, na mrututu nao huua samaki, hivyo yapimwe kwanza.