Kuvuka Pasifiki uwanjani: somo la mabaharia wa Polinesia kwa mawe 32 na kamba

Mwaka wa kwanza nilianzia ubaoni. Niliandika majina yote ya dira ya nyota ya Hawaii, visiwa vya Polinesia katika Pasifiki, wanafunzi wakayakariri kama wimbo. Nilipowatoa nje na kuuliza Hikina, yaani mashariki, iko wapi, vidole vilikwenda kila upande. Mmoja alinionyesha ubao kupitia dirishani. Tangu hapo naanzia uwanjani, na madaftari yanabaki darasani.

1. Tafuta mashariki. Karibu na adhuhuri simika kijiti cha mita moja. Weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri nusu saa, weka kingine. Cha kwanza kipo magharibi, cha pili mashariki.

2. Chora duara. Funga kamba ya mita 4 kwenye kijiti, zunguka nayo ukichora. Weka mawe manne: Hikina, Komohana (magharibi), ʻĀkau (kaskazini), Hema (kusini). Kisha gawa kila nafasi katikati, tena katikati, tena, mpaka yafike mawe 32. Kati ya jiwe na jiwe ni kama sentimita 78. Waache wapige hesabu wenyewe. Usitumie punje za mahindi kama nilivyofanya mimi. Kuku wa jirani walikula kusini yote.

3. Zipe nyumba majina. Kila jiwe ni nyumba ya nyota, yaani mahali pa upeo wa macho ambapo nyota huchomoza au huzama. Kutoka Hikina kwenda ʻĀkau kuna Lā (jua), ʻĀina (nchi kavu), Noio (aina ya ndege wa baharini), Manu (ndege), Nālani (mbingu), Nā Leo (sauti), Haka (patupu). Majina hayo saba hujirudia katika kila robo, kwa hiyo mtoto hakariri 32. Dira hii aliipanga Nainoa Thompson, baharia wa Hawaii, ambaye mwaka 1980 aliongoza chombo Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti bila kifaa chochote. Siri yake ni hii: nyota ikichomoza katika ʻĀina ya kaskazini-mashariki, itazama katika ʻĀina ya kaskazini-magharibi. Mpe mtoto mmoja kazi ya kuwa nyota hiyo, atembee kutoka jiwe hadi jiwe, mkono ukipita juu ya vichwa vya wenzake walioinama. Watacheka, lakini hawatasahau.

4. Pima kwa ngumi. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Kutoka upeo wa macho hadi utosini zitoke ngumi tisa. Zikitoka saba, kiwiko kimepinda. Kazi ya nyumbani: mwezi wa tano, saa tatu usiku hivi, pima nyota ya chini kabisa ya Msalaba wa Kusini wakati msalaba wenyewe umesimama wima. Hapa Tanga tunapata ngumi tatu. Hawaii nyota hiyohiyo haifiki hata ngumi moja. Hapo ndipo darasa langu huelewa latitudo (umbali kutoka ikweta), bila neno lenyewe kutajwa.

5. Ng'oa nanga. Panga mabenchi katika safu mbili katikati ya duara, maana Hōkūleʻa ni maganda mawili yaliyounganishwa. Mtoto wa mvuvi aliniambia, "Mwalimu, hizo ni ngalawa mbili zimeshikana mikono." Hakukosea sana: wataalamu wengi wanayahusisha matengo (mbao za pembeni) ya ngalawa zetu na mabaharia wa jamii moja ya lugha na Wapolinesia, waliofika hadi Madagaska.

Chagua rubani, kwa maana ya zamani ya neno hilo, yaani mwongoza chombo baharini. Yeye haandiki. Kila dakika tano unamtangazia siku mpya: upepo, nyumba waliyoelekea, na kasi. Kasi wanaipata kwa kuhesabu sekunde povu linapopita kutoka omo (mbele ya chombo) hadi tezi (nyuma). Chombo kina urefu wa mita 19 hivi. Sekunde saba ni karibu kilomita 10 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 4,300 hivi za kwenda Tahiti zingekwisha kwa siku 18. Mwaka 1976, Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal alipoongoza safari ya kwanza ya Hōkūleʻa kwenda Tahiti, waliondoka Maui, kisiwa cha Hawaii, Mei 1 na kufika Papeete, mji wa Tahiti, Juni 4. Waulize siku nyingine zimekwenda wapi. Majibu huwa matamu (papa ndiye anayelaumiwa zaidi), kisha uwaeleze ukanda wa shwari karibu na ikweta.

Mwishoni mfumbe rubani macho umuulize: tulikotoka kuko wapi? Lazima anyooshe kidole. Akikosa, anayempokea ni mwenzake, na anaendelea kutoka pale alipokosea.

6. Kamata kisiwa. Usiweke kisiwa kimoja. Weka mstari wa mawe kama visiwa vya Tuamotu, vilivyo njiani kabla ya Tahiti, kwa sababu baharia hulenga safu nzima kwanza. Mwaka 1976 walianza kuiona Mataiva, kimojawapo cha visiwa hivyo. Watoto wawili wawe ndege wanaorudi nchi kavu jioni. Anayefuata ndege wa asubuhi anapotea, maana huyo anakwenda kuvua.

Mawe yaache hapohapo. Yangu nayakagua kila Jumatatu, kwa sababu wacheza mpira wameamua Hema na jirani yake ni goli zuri.