Namna ya kutuma mchango wako wa kwanza kwenye programu huria

Anza na programu huria (ambayo msimbo wake, yaani maandishi inayoundwa nayo, uko wazi kwa wote kuusoma na kuuboresha) unayoitumia mwenyewe kila siku. Kasoro zake unazijua tayari.

1. Angalia kama mradi uko hai. Marekebisho ya mwisho yaliingia lini? Wageni wanajibiwa? Kama hakuna leseni, achana nao: msimbo kuwekwa hadharani hakukupi haki ya kuubadilisha na kuusambaza.

2. Soma CONTRIBUTING.md, faili la mradi lenye maelekezo kwa wachangiaji, mpaka mwisho. Kila mradi una taratibu zake. Kiini cha Linux, kwa mfano, hupokea viraka (mabadiliko ya msimbo) kwa barua pepe, na kila kiraka lazima kiwe na mstari wa `Signed-off-by`, unaothibitisha kuwa una haki ya kuutoa msimbo huo.

3. Chagua kazi ndogo. Miradi mingi iliyoko GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya msimbo, huzipa kazi za wageni lebo ya `good first issue`. Kurekebisha maelezo ya matumizi nako ni mchango kamili.

4. Hakikisha hitilafu inatokea kwenye kompyuta yako kabla hujagusa msimbo. Hapa usiharakishe. Mchango wangu wa kwanza ulirudishwa kwa sababu nilirekebisha pale nilipodhania, kumbe tatizo lilikuwa kwenye faili jingine kabisa. Siku hizi naandika kwanza jaribio (msimbo mfupi unaopima programu) linalofeli, kisha natafuta chanzo. Jaribio likipita, najua nimemaliza.

5. Fanya kazi kwenye tawi lako, yaani mkondo wa mabadiliko uliotengwa na msimbo mkuu. Tengeneza nakala ya mradi (fork) kwenye akaunti yako, ishushe kwa `git clone` (git ni programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo), halafu fungua tawi:

`git switch -c rekebisha-tarehe`

Ukimaliza, endesha `git diff` usome mstari kwa mstari. Ulibadilisha mistari 3 lakini inaonekana 200? Basi kihariri chako kimepanga upya nafasi za faili zima. Tumia `git add -p` uchague vipande vinavyohusika tu; mhakiki, yaani mtu wa mradi atakayekagua kazi yako, hawezi kuchambua mistari 3 iliyozama kwenye 200.

6. Hifadhi kazi yako kwa `git commit`, isukume kwenye nakala yako kwa `git push -u origin rekebisha-tarehe`, kisha tuma ombi la kuunganisha (pull request), yaani ombi kwamba mabadiliko yako yaingizwe kwenye mradi. Eleza nini kilikuwa kibovu, kinajitokezaje na umebadilisha nini. Ukiandika `Fixes #` na namba ya tatizo, GitHub italifunga lenyewe kazi yako ikishaunganishwa kwenye tawi kuu.

Ukiombwa marekebisho, yafanye kwenye tawi lile lile na usukume tena kwa `git push`, ombi litajisasisha. Usifungue jipya, maana mazungumzo yote na mhakiki yatabaki kwenye lile la zamani. Wiki ikipita kimya, uliza kwa upole papo hapo kwenye ombi. Wahakiki wengi hufanya kazi hii kwa kujitolea, usiku, baada ya ajira zao.