Kuchagua Skrini ya Kuchorea ya Bei Nafuu, Hatua kwa Hatua

Skrini ya kuchorea ni kioo kinachochorwa juu yake kwa kalamu maalumu, lakini ndani yake hamna kompyuta; isipounganishwa na laptopu haionyeshi chochote. Mimi huchora picha za vitabu vya watoto hapa Bagamoyo, na vijana wanaotaka kununua skrini ya kwanza huniuliza kuhusu ukubwa wake na viwango vya mkandamizo (yaani hatua ngapi za nguvu ya mkono ambazo kalamu inaweza kuzitambua), mambo ambayo mimi huyatazama baadaye sana.

Hatua ya 1: Kagua laptopu yako. Tafuta tundu la HDMI, lile linalopeleka picha kwenye televisheni au skrini nyingine. Skrini kama Huion Kamvas 13 hutumia waya wenye vichwa vitatu upande wa kompyuta: kimoja cha HDMI kwa ajili ya picha, na viwili vya USB, kimoja cha mawasiliano ya kalamu na kingine cha umeme. Ikiwa unategemea USB-C peke yake, hakikisha kwamba tundu hilo linapitisha picha, kwa kuwa yapo mengi yanayochaji na kuhamisha mafaili tu. Skrini yangu ya kwanza ilikaa ndani ya boksi wiki mbili kwa sababu muuzaji aliniambia kuwa matundu yote ya aina hiyo ni sawa, nami nikamwamini. Kumbuka pia kwamba skrini nyingi za aina hii hazina betri. Umeme ukikatika, huendelea kunyonya chaji ya laptopu.

Hatua ya 2: Amua ukubwa. Kwa pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080, skrini ya inchi 13.3 hupata takriban pikseli 166 katika kila inchi, ilhali ya inchi 22 hupata kama 100 tu, hivyo kubwa ya bei rahisi huonyesha mistari yenye kingo za ngazi-ngazi. Inchi 13 zinatosha, na zinaingia kwenye begi.

Hatua ya 3: Tazama kioo kwa ubavuni. Gusisha ncha ya kalamu kwenye kioo, kisha uinamishe kichwa. Pale ambapo kioo cha juu hakikugandishwa kwenye skrini yenyewe, utaona mwanya kati ya ncha na mstari unaotokea. Mkono huzoea mwanya mdogo, lakini ukiweza kuongeza fedha kidogo, ziongeze hapa kuliko kwenye inchi.

Hatua ya 4: Ijaribu kalamu kwa utulivu. Hatua hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Nenda na laptopu yako ikiwa na Krita, ambayo ni programu ya bure, uweke rula juu ya kioo kwa mshazari, kisha uvute mstari polepole mno. Mstari ukitoka wenye mawimbi kama ya maji kupwa, kalamu hiyo itakusumbua kila siku, kwa sababu mkono unapokwenda haraka kasoro hufichika, na unapochora kitu kidogo hujitokeza. Mimi hujaribu kwa kuchora mnyororo wa nakshi kama ule uliochongwa kwenye miimo ya milango ya Mji Mkongwe: pete ndogo zinazoshikana, moja baada ya nyingine, hadi kwenye kona za skrini, ambako usahihi hupungua. Kisha gusa kwa wepesi kabisa. Kalamu nzuri huacha unywele wa wino kabla hujaanza kukandamiza. Hilo lina uzito kuliko namba 8192 iliyoandikwa kwenye boksi, maana sijawahi kuona mkono unaotofautisha viwango 8192 vya mkandamizo na 4096.

Hatua ya 5: Ukinunua iliyotumika, dai kalamu yake. Kalamu ya kampuni moja kwa kawaida haifanyi kazi kwenye skrini ya kampuni nyingine, na kuagiza mpya kunaweza kula faida yote ya mtumba. Ncha zinalika kama chaki, basi ulizia za akiba.

Hatua ya 6: Ukifika nyumbani, ondoa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa) ya zamani ya kifaa chochote cha kuchorea, pakua mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji, na uwashe upya kompyuta. Kisha linganisha nafasi ya ncha ya kalamu na ya mstari kwenye skrini ukiwa umekaa vile vile unavyokaa kuchora, kwa kuwa ukiifanya kazi hiyo umesimama, mstari utaonekana pembeni ya ncha mara tu utakapoketi.