Jinsi ya kuomba ruzuku ya mafunzo ya malezi kwa familia zenye kipato kidogo

Maandiko mengi ya miradi ya malezi yanafanana. Yote yanaahidi kwamba wazazi "watajengewa uwezo", lakini hakuna hata moja linaloeleza mama anayeishi kwa vibarua atamwachia nani mtoto mchanga siku ya kipindi cha mafunzo, wala atafidia vipi kibarua alichokikosa. Mimi nikiandika huanza na mama huyo, fomu hufuata baadaye.

Hatua ya 1: Soma tangazo ukitafuta cha kukukwamisha

Nani anaruhusiwa kuomba? Kwa eneo gani, kwa muda gani, ukomo wa fedha ni kiasi gani, na gharama zipi hazilipwi? Kama kikundi chenu hakijasajiliwa, unganeni na asasi iliyosajiliwa ipokee fedha kwa niaba yenu. Ila andikianeni mapema nani anafanya nini na fedha zitawafikia lini. Urafiki hautoshi.

Hatua ya 2: Kusanya nyaraka

Cheti cha usajili, katiba, majina ya viongozi, hesabu za mwaka uliopita, na akaunti ya benki yenye jina la asasi, si la mwenyekiti. Hizo kwa kawaida zipo kabatini. Inayokosekana mara nyingi ni sera ya ulinzi wa mtoto, na kwenye malezi ndiyo ya kwanza kuhitajika. Iko siku mzazi atasimulia kipindini jambo linaloonyesha kwamba mtoto anaumizwa. Sera iseme mwezeshaji anamwambia nani, taarifa inapelekwa wapi, na ndani ya saa ngapi. Kurasa mbili zinazoeleweka zinatosha.

Hatua ya 3: Eleza tatizo bila kuwadharau wazazi

Kabla ya kuandika, zungumza na walezi kumi au kumi na tano. Uliza wako huru saa ngapi, na ni nani hasa anayeshinda na mtoto. Huenda ni bibi au dada mkubwa, na hapo mlengwa wako amebadilika. Usiandike kwamba maskini hawajui kulea. Ufukara humla mtu muda na subira, na hilo ndilo la kueleza. Ongeza kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 18, unazitaka nchi ziwape wazazi msaada unaofaa katika kulea watoto. Ombi lako halitasomeka tena kama la sadaka.

Hatua ya 4: Chagua mtaala uliokwisha kujaribiwa

Usitunge wako. Mpango wa Parenting for Lifelong Health, ulioandaliwa kwa ushirikiano wa Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na vyuo vikuu, una vipindi 12 kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 na vipindi 14 kwa familia zenye vijana balehe. Vitabu vyake hutolewa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara.

Ukitaja utafiti, utaje unaofanana na mradi wako. Wengi hupenda kuleta ule wa Jamaika, ambako watoto waliodumaa walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili, na miaka 20 baadaye walikuwa na kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakupata huduma hiyo. Ni ushahidi mzito, lakini ni wa kutembelea nyumba kwa nyumba. Kama wewe unawakusanya watu ukumbini, msomaji makini atakuuliza utafiti huo unahusikaje na mradi wako.

Hatua ya 5: Bajeti

Hapa usiwe na haraka. Chukua walezi 40, makundi mawili ya watu 20, vipindi 12. Nauli ni 40 × 12, yaani safari 480 za kwenda na kurudi. Vipindi vyote ni 24. Ukiweka watu wawili wa kuwaangalia watoto nje ya chumba, ni malipo 48. Wawezeshaji wawili kwa kila kundi, malipo mengine 48, na siku zao za kufundishwa kabla ya kuanza. Kila namba iwe na maelezo yake pembeni. Mstari wa "gharama za mafunzo" wenye jumla moja nene ndio unaokatwa kwanza. Na wa kuangalia watoto usiufute ili bajeti ipungue, maana utalipia viti vitupu.

Hatua ya 6: Vipimo

Mahudhurio peke yake hayaonyeshi kilichobadilika nyumbani. Uliza maswali yaleyale kabla na baada: wiki iliyopita ulicheza na mtoto siku ngapi, ulimpiga mara ngapi? Anayeuliza asiwe mwezeshaji, kwa sababu watu huona haya kumwangusha mwalimu wao.

Hatua ya 7: Kutuma

Andiko letu moja liliwahi kukataliwa kwa sababu jumla iliyokuwa kwenye fomu haikulingana na ya kiambatisho. Tulibadilisha nauli usiku wa mwisho, tukasahau upande mmoja. Tangu hapo hesabu hujumlishwa upya na mtu ambaye hakushiriki kuandika, na tunatuma siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Hifadhi ujumbe wa kupokelewa.

Ukikataliwa, omba maoni kwa barua fupi. Ukikubaliwa, angalia kwenye mkataba fedha zinakuja kwa awamu ngapi, kwani awamu ya pili mara nyingi husubiri taarifa ya matumizi ya ile ya kwanza. Karatasi za kusaini nauli ziwe tayari kabla ya kipindi cha kwanza, zikiwa na safu ya dole gumba kwa wasioandika, na kidau cha wino kando yake.