Unyevu wa sanduku la siga: nywesha mbao kwanza

Wengi hununua sanduku leo na kulijaza siga leo hii hii. Wiki mbili baadaye jani la nje linapasuka ukiligusa, lawama zinaenda kwa sanduku. Kumbe mbao za mwerezi zilikuwa na kiu, zikanyonya unyevu wa siga zenyewe.

Hatua ya 1: Kipime kipimo chako.
Haigromita (kipimo cha unyevu wa hewa) mpya nayo hudanganya. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, dondoshea maji hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Ifungie pamoja na haigromita kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 24. Hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Haigromita ikisoma 70, inapunja 5: irekebishe, au andika tofauti hiyo uibandike chini ya kifuniko. Nawasihi, hatua hii msiiruke, maana zote zinazofuata zinaitegemea.

Hatua ya 2: Nywesha mbao.
Weka bakuli dogo la maji yaliyokenekwa ndani ya sanduku tupu, juu ya kipande cha plastiki, ufunge. Maji ya bomba yana madini yanayoziba sponji ya kutunza unyevu. Subiri siku kadhaa, hata wiki, mpaka kipimo kiache kupandapanda. Usipanguse mbao kwa kitambaa kilicholoa. Zikivimba zikapinda, kifuniko hakitakaa tena.

Hatua ya 3: Toa bakuli, weka sponji yako, panga siga. Lenga asilimia 65 hadi 70, joto nyuzi 18 hadi 21.

Maswali ya wanachama

Mkuu, langu linasoma 76, na kipimo nimeshakipima kwa chumvi. Nifanyeje?
Toa sponji siku moja au mbili, fungua kifuniko dakika chache kila siku. Usiharakishe, siga ikikauka ghafla hupasuka.

Nimeona vitundu vya mviringo kama vya sindano. Ni ukungu?
Hapana ndugu, ukungu huota manyoya. Hao ni wadudu wa tumbaku, na joto likipita nyuzi 24 huanguliwa kwa urahisi. Zilizotobolewa tupa. Zilizobaki zifunge vizuri kwenye mfuko, ziweke friza siku 3, kisha kwenye friji ya kawaida siku 1, ndipo uzitoe. Sanduku nalo lisafishe kabla hujazirudisha.

Karatasi iliyobanwa na kifuniko inachomoka yenyewe, ina shida?
Ina shida. Kifuniko kinavuja, na hakuna sponji itakayokidhi.