Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufungua Breki Zinazokwaruza Ukiwa Nyumbani, Tabora

Kubadilisha breki pedi za mbele ni kazi ambayo mtu mwenye subira anaweza kuikamilisha asubuhi moja akiwa uani kwake, iwe Ipuli, Cheyo au Isevya. Kinachowakwamisha wengi ni kufungua tairi kabla ya kujua tatizo ni nini na kabla ya kuwa na vipuri mkononi. Gari likishafunguliwa Jumapili mchana na ikabainika kwamba pedi zake hazipatikani mjini, hukaa juu ya stendi hadi mzigo ufike kwa basi kutoka Mwanza au Dar es Salaam.

Basi kwanza usikilize mlio. Mlio mwembamba na mkali kwa kawaida hutoka kwenye kibati cha tahadhari kilichofungwa kwenye pedi ili kiguse diski (sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi na kubanwa na pedi) pedi inapokaribia kwisha, na hapo bado una muda mfupi wa kujipanga. Mkwaruzo mzito unaosikika kila unapokanyaga pedali, ukiambatana na mtetemo unaoufikia mguu, mara nyingi maana yake ni kwamba pedi imekwisha na bati lake la nyuma sasa linasaga diski. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena, na vipuri vifuatwe kwa bodaboda. Ikiwa gari linakwaruza hata bila kukanyaga breki, huenda kokoto ya barabara ya vumbi imenasa kati ya diski na bati la kinga, au beringi ya tairi imechoka. Aidha, wakati wa masika diski hushika kutu usiku mmoja tu, na mkwaruzo wake huisha baada ya kushika breki mara chache.

Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10 hadi 12, na inapobaki milimita 3 ni wakati wa kuibadilisha. Pitisha ukucha juu ya diski kutoka katikati kwenda ukingoni: ukikwama kwenye mifereji, pedi mpya peke yake hazitaponya breki hizo. Kipimo cha mwisho cha unene unaoruhusiwa hupigwa chapa kwenye diski yenyewe, na diski iliyofika chini ya kipimo hicho haichongeshwi, hubadilishwa. Pedi na diski hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja, yaani ya mbele yote au ya nyuma yote, la sivyo gari litavuta upande mmoja unapofunga breki. Unapokwenda dukani chukua namba ya chesisi pamoja na picha ya pedi ya zamani, kwa sababu magari ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kutumia pedi tofauti.

Mafuta ya breki yanunuliwe katika chupa ambayo haijafunguliwa, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani: DOT 4, ambayo ni aina mojawapo, ikiwa mpya huchemka katika nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi kufikia 155. Usithubutu kuongeza oili ya injini badala yake, kwani huvimbisha mipira ya mfumo mzima wa breki.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni ardhi ya kwetu. Nyua nyingi za Tabora ni za mchanga, na jeki iliyowekwa juu ya mchanga huzama na kuinama polepole bila mwenye gari kutambua. Iwekee ubao mpana na mnene, kwa mfano kipande cha mninga, zuia magurudumu yasiyoinuliwa kwa vigingi, na ulegeze nati za tairi gari likiwa bado chini. Likishainuka, liegemee stendi za chuma zilizowekwa nazo juu ya ubao. Matofali hayafai kabisa kwa kazi hii, ya kuchoma wala ya saruji, kwa sababu hupasuka ghafla bila dalili.

Andaa pia wili spana, spana za kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski (magari mengi madogo ya Kijapani hutumia namba 14 na 17), brashi ya waya, grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, klampu ya kurudishia ndani pistoni inayosukuma pedi, na kipande cha waya cha kuning'inizia kalipa ili isibebwe na mpira wake wa mafuta. Pistoni inaporudishwa ndani mafuta hupanda kwenye tangi, kwa hiyo weka karibu bomba la sindano la kuyapunguza na kitambaa, maana yakimwagika huharibu rangi ya gari. Vumbi la pedi za zamani linaweza kuwa na asbesto: lilowanishe na kulifuta, usilipulize, na watoto wakae mbali.

Ukikuta mafuta yanavuja, pistoni imekwama, au handbreki ni ya umeme na uko kwenye magurudumu ya nyuma, mwite fundi aje nyumbani.

Tenga pia muda wa majaribio baada ya kufunga. Kabla ya kuwasha injini, pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa kuwa mkanyago wa kwanza huzama mpaka chini. Kisha tafuta barabara tupu, upunguze mwendo taratibu kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara kadhaa, ukiziachia breki nafasi ya kupoa, na nati za tairi zikazwe upya kabla ya kupakia mzigo wa kwenda Urambo au Nzega.