SOMO: Namna ya kupata huduma za mtu mwenye ulemavu Mtwara na Lindi

Walezi wengi wa huku kwetu wakishaamua kutafuta msaada hupanda gari moja kwa moja hadi hospitali ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), wanakaa foleni tangu alfajiri, kisha wanaambiwa warudi na barua. Nauli imeshakwenda na mgonjwa amechoka. Tafadhalini, anzieni nyumbani.

Hatua ya 1: Mtendaji wa kijiji au mtaa. Beba kitambulisho chako, kadi ya kliniki, na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Omba jina liingizwe kwenye rejista ya watu wenye ulemavu, halafu omba barua ya utambulisho. Msimu wa korosho mpigie simu kwanza, maana anaweza kuwa mnadani.

Hii barua tuikalie kidogo. Nyingi huandikwa "mtajwa ni mlemavu, naomba asaidiwe", na anayeisoma hajui ampe nini. Mwombe mtendaji aandike hali yenyewe: "Mtoto wa miaka 6, ana mtindio wa ubongo, hawezi kukaa bila kushikwa, hajaanza shule, analelewa na bibi yake." Hapo afisa anaona mara moja kwamba kuna suala la kiti, la shule na la gharama za matibabu. Ipige picha kwa simu kabla hujaikabidhi kwa mtu yeyote.

Hatua ya 2: Afisa Ustawi wa Jamii. Yupo halmashauri, na hospitali kubwa nazo zina ofisi ya ustawi. Huyu ndiye anayeshughulikia msamaha wa matibabu kwa asiye na uwezo, na wafadhili wa vifaa saidizi mara nyingi hupitia kwake. Zungumza naye kwa adabu, ila usijikunyate. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakutambua.

Hatua ya 3: Hospitali. Sasa nenda, ukiwa na rufaa. Watu wa Masasi wana Ndanda, wa Mtama wana Nyangao, na Mtwara mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Uliza siku za fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) kabla ya kusafiri.

Hatua ya 4: Shule na vyama. Kwa shule, muone Afisa Elimu Maalum wa halmashauri. Kwa vyama, ulizia CHAVITA (viziwi), TLB (wasioona), TAS (wenye ualbino) au CHAWATA (wenye ulemavu wa viungo).

MASWALI

Mlezi, Newala: Shikamoo mwalimu. Mjukuu wangu kapewa kiti mwendo cha mtu mzima, anazama ndani. Nikikataa si nitaonekana sina shukrani?

Marahaba, bibi. Shukuru, kisha omba kibadilishwe. Mtoto akikaa kwenye kiti kipana analala upande, mgongo unapinda na anapata vidonda. Mpime upana wa nyonga, na urefu kutoka makalioni hadi nyuma ya goti. Vipimo hivyo mpe mtaalamu wa fiziotherapia aviweke kwenye maombi mapya.

Baba, Ruangwa: Mtoto wetu kazaliwa juzi, nyayo zimepindia ndani. Wazee wanasema tusubiri atembee.

Hongera kwa mtoto, ndugu yangu, lakini msisubiri. Tiba hufaa zaidi ikianza wiki za mwanzo, mifupa ikiwa laini. Anafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, halafu anavaa viatu maalum, miezi ya mwanzo karibu muda wote, kisha usiku kwa miaka kadhaa. Hapo pa viatu ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa, na mguu unarudi kupinda. Anzeni hospitali ya mkoa. Pasipowezekana, ombeni rufaa ya hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam.

Dada, Tandahimba: Nina ualbino na nalima korosho. Mafuta ya ngozi nayapata wapi?

Dada, uliza kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa na viongozi wa TAS. Kuna mafuta yanayotengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, mahsusi kwa wenye ualbino. Mafuta peke yake hayatoshi: vaa mikono mirefu na kofia pana, shambani ingia mapema utoke jua halijawa kali. Kidonda kisichopona wiki kadhaa kipeleke hospitali hata kama hakiumi.

Kijana, Kilwa: Ile mikopo ya halmashauri nasi tumo?

Mmo. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, na haina riba. Muone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akupe masharti ya sasa.